Kuendesha baiskeli ya umeme ya milimani kwenye tope: mwongozo kamili kwa vilima vya Usambara

Barabara ya lami inayotoka Mombo hadi Lushoto hupanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33 hivi, na mwenye baiskeli ya umeme anaweza kuimaliza huku akizungumza na mwenzake. Kazi huanza pale lami inapokoma. Njia za udongo mwekundu zinazoelekea Irente, Magamba, Rangwi, Mlalo na mbele zaidi hadi Mtae, zikishapigwa na mvua za masika kati ya Machi na Mei, huteleza kiasi kwamba hata bodaboda wenyeji humwomba abiria ashuke atembee. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupita njia hizo akiwa juu ya baiskeli ya umeme ya milimani, na msingi wake ni mmoja: mota huongeza nguvu, lakini mshiko wa tairi ardhini unabaki ule ule. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inahusu namna ya kuitoa nguvu hiyo kwa kipimo, ili gurudumu la nyuma lisizunguke bure.

Baiskeli inayofaa, na mambo ya kurekebisha kabla ya kutoka

Chagua baiskeli yenye mota katikati, pale pedali zinapoungana na fremu, badala ya ile yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Mota ya katikati husukuma kupitia cheni na gia, hivyo kwenye mlima mkali unaweza kuweka gia nyepesi na kuiacha mota izunguke kwa kasi inayoipendeza, ilhali mota ya gurudumuni hulazimika kuzunguka polepole kama gurudumu lenyewe, ikapata moto na kupoteza nguvu. Mota nyingi za aina hii zinazouzwa Ulaya zimeandikwa wati 250, nazo hutoa nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 85 hivi. Wati hizo 250 ni kiwango cha kazi ya muda mrefu, na kwa muda mfupi mota hiyo hiyo hutoa zaidi ya mara mbili yake. Mota za Ulaya huacha kusaidia mwendo ukizidi kilomita 25 kwa saa, jambo ambalo kwenye tope halitakusumbua kamwe.

Baiskeli kamili huwa na uzito wa kilo 22 hadi 25. Uzito huo ndio unaofanya breki kuwa kifaa cha kwanza kukaguliwa. Zinahitajika breki za diski zinazotumia mafuta, na diski ya mbele iwe na kipenyo cha milimita 200 au zaidi. Pedi za breki ziwe za metali, kwa sababu zile laini za utomvu huliwa upesi sana na mchanganyiko wa mchanga na maji. Katika mteremko mrefu wa siku ya mvua, pedi laini zilizokuwa nusu asubuhi zinaweza kufika kwenye chuma kabla ya jioni. Beba jozi moja ya akiba, kwa maana fundi baiskeli wa kijijini atakuwa na spoku, tyubu na mpira wa breki za kawaida, lakini pedi za diski ni nadra kuzikuta kwake.

Tairi la tope lina meno marefu yaliyoachana, ili udongo uchomoke wenyewe gurudumu linapozunguka. Tairi pana mno, lenye inchi 2.6 na kuendelea, huelea juu ya tope laini na kukosa sehemu ngumu iliyo chini. Lenye inchi 2.35 au 2.4 hupenya na kushika. Pia huacha nafasi kati yake na fremu, nafasi ambayo udongo wa Usambara huijaza upesi mno. Ikiwa matairi ni ya tyublesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, na mwendeshaji ana kilo 75 hivi, anza na upepo wa PSI 20 mbele na 23 nyuma. Ikiwa yana tyubu, ongeza hadi 26 au 28, la sivyo tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayokabiliana.

Cheni itiwe mafuta mazito ya msimu wa mvua, kisha yapanguswe yanayobaki nje. Hakikisha kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kimefungwa barabara. Ni kitu kidogo, lakini ndipo maji hupata njia ya kuingia.

Hesabu ya betri

Hapa ndipo wengi hukwama, na hesabu yenyewe si ngumu. Mwendeshaji wa kilo 75, baiskeli ya kilo 24 na begi la kilo 6 ni kilo 105. Kuinua kilo 105 hadi mita 1,000 juu kunahitaji takriban wati-saa 286 (wati-saa ni kipimo cha nishati ya betri), na hapo hatujahesabu msuguano wowote. Tuseme miguu yako inatoa theluthi moja. Mota itabakiwa na wati-saa 190, na kwa kuwa kiasi cha robo hivi ya umeme hupotea kama joto ndani ya mota yenyewe, betri italazimika kutoa karibu 250. Hiyo ni barabara kavu. Tope linalovuta magurudumu, kusimama na kuanza upya, na tairi linaloteleza vinaweza kuongeza theluthi nyingine au zaidi, kwa hiyo panga wati-saa 350 kwa kila mita 1,000 za mwinuko wa tope. Betri ya wati-saa 500 inatosha mlima mmoja wa aina hiyo na akiba kiasi. Ya 625 au 750 inakuruhusu kupotea njia mara moja na bado ukarudi nyumbani.

Jumlisha mita za kupanda, wala usijali sana kilomita. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na mji wenyewe umekaa bondeni kati ya vilima, hivyo mizunguko mingi hupanda na kushuka mara kadhaa. Safari mbaya kuliko zote kwa betri ni ile ya kuanzia Lushoto, kuteremka hadi Mombo kwa furaha, kisha kugundua kwamba mita zote 1,000 zinakusubiri mwishoni ukiwa umechoka. Anza na mlima. Na kwa kuwa swali hili huulizwa sana: baiskeli zenye mota ya katikati hazijichaji zinapoteremka, hata mteremko uwe mrefu namna gani, hivyo ulichotumia kupanda hakirudi.

Weka utaratibu wa kugeuka nyumbani betri inapofikia asilimia 40 ikiwa bado kuna mlima mbele, na asilimia 20 ikiwa kilichobaki ni mteremko tu. Baiskeli iliyoishiwa umeme bado huendeshwa kwa miguu, ila kilo 24 kwenye tope la kupanda ni adhabu.

Kwa ndugu walio ughaibuni wanaotaka kuja na baiskeli zao, betri zinazozidi wati-saa 160 haziruhusiwi katika ndege za abiria, iwe kwenye begi la mkononi au kwenye mzigo. Betri ya baiskeli ya milimani inazidi kiwango hicho mara tatu na zaidi, kwa hiyo ni lazima isafirishwe kwa njia ya mizigo hatari au ipatikane huku huku.

Kuisoma ardhi

Udongo mwekundu wa mfinyanzi una tabia tatu, na kila moja ina dawa yake. Mvua ya kwanza inapoanguka juu ya ardhi iliyokauka hutengeneza utando mwembamba wa ute juu ya sakafu ngumu. Hali hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa meno ya tairi hayana pa kuzama, na hudumu kwa saa moja au mbili mvua ikiwa nyepesi. Mvua ikiendelea kunyesha, udongo hulainika hadi ndani, tairi likazama na kushika, ingawa mwendo unakuwa mzito. Hali ya tatu huja mvua inapokatika na jua kuchomoza: udongo unaanza kukauka na kugeuka unata, ukashikamana na tairi tabaka juu ya tabaka hadi gurudumu likwame ndani ya fremu. Katika hali hiyo ya tatu usilazimishe kwa mota. Simama, toa udongo kwa kijiti, kisha upite kwenye nyasi za pembeni au kwenye mkondo wa maji yanayotembea, ambayo husafisha tairi unapoendelea.

Njia za msituni, kama zile za Magamba, hushika vizuri zaidi kwa sababu ya majani yaliyooza na mchanga uliochanganyika, ila mizizi iliyolowa huteleza kama sabuni na kivuli huifanya njia ibaki mbichi siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Barabara za vijijini zinazopitwa na malori ya kabichi na viazi huwa na mitaro miwili mirefu iliyochimbwa na magurudumu. Chagua mtaro mmoja mapema na ubaki humo. Majaribio ya kutoka ukiwa katikati, tairi la mbele likiparamia ukingo kwa pembe ndogo, ndiyo yanayoangusha watu. Ikibidi kutoka, punguza mwendo kabisa, geuza usukani kwa pembe kubwa na unyanyue gurudumu la mbele.

Kupanda

Kiwango cha msaada wa mota kiwekwe kabla ya mlima kuanza, na kiwe cha kati au kile kinachojipima chenyewe kufuatana na mkandamizo wa mguu. Kiwango cha juu kabisa, ambacho kwenye lami hupendwa na kila mtu, kwenye tope ni adui: nguvu inafika gurudumuni ghafla, meno yanakwangua udongo wa juu, na baiskeli inabaki pale pale ikichimba shimo. Gia nayo ibadilishwe mapema, huku ukilegeza mguu kidogo kwenye pedali kwa nusu mzunguko. Kubadilisha gia huku mota ikivuta kwa nguvu zake zote hukata cheni, na mlio wa chuma unaousikia wakati huo unatoka kwenye meno ya gia yanayoumia.

Miguu izunguke kwa wepesi, mara 70 hadi 90 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mota hufanya kazi kwa ufanisi, na msukumo unaoingia kwenye tairi huwa laini na wa mfululizo. Gia nzito ikisukumwa polepole hutoa msukumo wa kushtuka kila mguu unaposhuka, na kila mshtuko ni nafasi ya kuteleza.

Kaa kwenye kiti, kwani kusimama juu ya pedali huondoa uzito kwenye gurudumu la nyuma. Mlima ukizidi ukali, sogea mbele hadi ncha ya kiti, inamisha kifua na uviteremshe viwiko, ili gurudumu la mbele lisinyanyuke huku la nyuma likiendelea kukandamizwa. Tairi la nyuma likianza kuteleza, punguza mkandamizo wa mguu kidogo tu, usiache kabisa. Mara nyingi meno hushika tena ndani ya mzunguko mmoja. Mota nyingi huendelea kusukuma kwa kitambo kidogo sana baada ya mguu kusimama, na ukishaizoea tabia hiyo unaweza kuitumia kuvuka jiwe au mzizi bila kuzungusha pedali, ambayo vinginevyo ingegonga.

Kuanza upya katikati ya mlima wa tope kunastahili kujifunza peke yake, mahali pasipo na hatari, kabla ya kukuhitaji njiani. Shika breki zote mbili. Shusha gia hadi ya pili au ya tatu kutoka iliyo nyepesi kabisa, maana ile nyepesi kupita zote huzungusha gurudumu upesi mno. Shusha pia msaada hadi kiwango cha chini. Inua pedali moja hadi juu kidogo mbele, lakini usiikanyage ukiwa bado hujajiandaa, kwa kuwa mota huamshwa na mkandamizo na baiskeli itaruka. Kaa kwenye kiti mguu mmoja ukiwa chini upande wa juu wa mlima. Sasa kandamiza pedali taratibu, sikia mota ikianza kuvuta dhidi ya breki, kisha achia breki pole pole huku mguu wa pili ukipanda. Ukishindwa mara mbili mahali pamoja, sukuma. Bonyeza kitufe cha kusaidia kutembea, nayo mota itaisogeza baiskeli kwa mwendo wa mtu anayetembea, usiozidi kilomita 6 kwa saa. Hakuna aibu yoyote katika kusukuma, na betri huokolewa.

Kuteremka

Teremsha kiti kabla ya mteremko. Simama juu ya pedali, zikiwa sawa kwa sawa, visigino vikiwa chini, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Kidole kimoja kikae juu ya kila breki, na vingine vyote vishike usukani.

Uzito wa baiskeli ya umeme hurefusha umbali wa kusimama, kwa hiyo breki zote zifanyike mapema, ukiwa umenyooka, mahali ambapo udongo unaonekana kushika, kama kwenye kokoto au nyasi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu hata kwenye tope, mradi gurudumu limenyooka. Inaogopwa zaidi ya inavyostahili. Lililo hatari ni kuishika ukiwa umeinama kwenye kona au juu ya mzizi. Hapo achia, pita, kisha shika tena. Kona yenyewe ichukuliwe polepole, baiskeli ikiinamishwa kidogo huku mwili ukibaki wima juu yake, na macho yakitazama pale unapotaka kutokea wala si kwenye korongo lililo pembeni.

Usifunge gurudumu la nyuma likaburura. Mbali na kwamba baiskeli inapoteza mwelekeo, alama ile ndefu huwa mfereji. Mvua inayofuata huufuata na kuubeba udongo wa njia hadi bondeni, na watakaoirekebisha njia hiyo kwa majembe ni wanakijiji.

Katika miteremko mirefu zingatia pia joto la breki. Mpini wa breki ukianza kuingia ndani zaidi kuliko kawaida, au ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali tambarare na uzipumzishe dakika kumi. Usizimwagie maji.

Madimbwi na vijito

Mota na betri zimekingwa dhidi ya maji yanayorushwa na mvua. Hazikukingwa dhidi ya kuzamishwa. Sehemu ya chini ya mota huwa sentimita 25 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo pima kina kwa kijiti au kwa mguu wako mwenyewe: maji yakipita katikati ya ugoko, shuka na ubebe baiskeli, mkifanya hivyo wawili ikiwezekana. Dimbwi usilolijua kina chake lipitwe pembeni, isipokuwa pembeni kwake ni shamba la mtu.

Watu, mashamba na msitu

Njia hizi zilikuwepo kabla ya baiskeli, na wanaozitumia zaidi ni wanafunzi, wakulima na kina mama wenye kuni au mizigo ya mboga kichwani. Baiskeli ya umeme hupanda kimya na kwa mwendo ambao mtu wa kutembea hautarajii kutoka nyuma yake. Piga kengele mapema au toa salamu ukiwa bado mbali, simama kabisa kwa mwenye mzigo, na umwachie upande wa mlimani ili asilazimike kukanyaga ukingo. Kwa mzee, shikamoo itangulie maswali ya njia. Usikate matuta ya viazi au karoti kwa kisingizio cha kukwepa tope. Mmea uliokanyagwa na kilo 100 hauinuki.

Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pata kibali kabla ya kuingia, na uulize ni njia zipi zinazoruhusiwa baiskeli kwa wakati huo, kwa sababu miti huanguka wakati wa masika na njia hufungwa.

Usiende peke yako. Begini beba tyubu hata kama matairi ni ya tyublesi, pampu, kiungo cha akiba cha cheni, sikio la akiba la kibadili gia (kipande kinachokishikilia kwenye fremu), funguo za kukunja, koti la mvua, chakula, na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Helmeti, glavu, miwani na kinga za magoti si mapambo.

Baada ya safari

Osha siku hiyo hiyo, udongo ukiwa bado mbichi. Zima mfumo wa umeme, kisha tumia ndoo, brashi laini na maji ya kumimina. Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, kwani maji ya shinikizo hupenya kwenye beringi, kwenye mota na kwenye viungo vya nyaya. Kausha kwa kitambaa, pangusa cheni, itie mafuta, na ukague pedi za breki zikiwa safi, kwa sababu zikiwa na tope haziwezi kukuambia lolote. Cheni ya baiskeli ya umeme hurefuka upesi kuliko ya kawaida. Ipimwe mara kwa mara, na ikisharefuka zaidi ya asilimia 0.5 ibadilishwe kabla haijala meno ya gia, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya cheni.

Betri ichajiwe ikiwa kavu, kwa chaja yake halisi, mahali penye hewa pasipo karibu na kitanda wala mlango wa kutokea. Chaja ya ampea 4 huijaza betri ya wati-saa 500 kwa saa nne na nusu hivi, kwa hiyo anza mapema jioni badala ya kuiacha usiku kucha. Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pitisha chaja kwenye ile kinga ya umeme inayotumika kwenye friji. Betri iliyoanguka na kupasuka, iliyovimba au iliyoingia maji isichajiwe tena hadi mtaalamu aikague. Ikiwa hutaendesha kwa wiki kadhaa, iache ikiwa na chaji kati ya asilimia 30 na 60, ndani ya nyumba, mbali na jua, na uiangalie mara moja kwa mwezi.